Uchaguzi ukishaharibika, haya matamko ya AU, SADC na mabalozi yana kazi gani hasa?

KijanaWaTabata

Wakuu habari zenu. Nina swali limenikaa rohoni tangu Oktoba 2025, naomba mnieleweshe kwa utulivu, sitaki tuanze kutukanana kwa ajili ya vyama.

Ile tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu wetu hapa Tanzania, mtandao ulipozimwa nilikuwa nyumbani, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje, tukabaki na redio ya mama ya betri tu. Mdogo wangu alikuwa ametoka asubuhi. Siku ya kwanza hakurudi, ya pili hakurudi, simu inaita haipokelewi alafu ikazima kabisa, mama akawa analala sebuleni na redio kifuani kama vile mle ndani ndio mtoto atatokea. Siku ya tatu karudi, alijificha kwa rafiki yake, mzima wa afya lakini hakuongea mpaka kesho yake. Kuna majirani ambao wa kwao hawakurudi. Naandika hivi mjue siulizi kwa kupoteza muda.

Mtandao ulivyorudi kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni tamko la Mwenyekiti wa Kamisheni ya AU (Umoja wa Afrika), Mahmoud Ali Youssouf, anampongeza Rais Samia kwa ushindi, ule wa asilimia 97.66, na humohumo anasikitikia vifo. Nikashuka kidogo nakuta waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wanasema wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao. Siku mbili mbele waangalizi wa AU hiyohiyo wanasema uchaguzi haukukidhi vigezo vya AU. Sasa AU ni moja au ziko mbili? Baadae tena Bunge la Ulaya limepiga kura, Jumuiya ya Madola imemtuma Chakwera, rais mstaafu wa Malawi, Desemba Marekani ikasema inapitia upya uhusiano wake na sisi. Maneno mengi kwelikweli.

Ninachotaka kujua ni kimoja: kuna nchi yoyote Afrika ambayo haya maneno ya nje yalishawahi kubadilisha kitu? Na kama yalibadilisha, kwa nini kule yalibadilisha na kwingine hayabadilishi?

Msomaji wa Mikataba

Mkuu pole sana, na mama mpe pole.

Nianze na hilo la AU moja au mbili. Ulivyoona ni sawa kabisa, ziko mbili na zaidi. Kamisheni ni ofisi ya pale Addis Ababa, na mwenyekiti wake anapigiwa kura na nchi wanachama, yaani marais wetu haohao. Huyu Youssouf alimshinda Raila Odinga Februari 2025 baada ya raundi kadhaa za kura, na kila kura aliyopata ilitoka kwenye serikali fulani, hakuna hata moja iliyotoka kwa mwananchi. Mtu wa namna hiyo kumpongeza rais ni kama salamu za msibani, anatoa kwa kila mtu na hajakagua chochote. Waangalizi ni kundi jingine, wanakusanywa viongozi wastaafu, maofisa wa tume za uchaguzi za nchi nyingine, watu wa asasi, wanakaa siku chache wanazunguka vituo alafu wanaandika walichokiona. Kwa hiyo unaweza kupata pongezi Jumamosi na lawama Jumatano kutoka jengo moja, na hakuna kifungu kinachomlazimisha mwenye pongezi azifute.

Ila usidharau kilichoandikwa na SADC. Wale ni watu wa lugha laini, "uchaguzi ulikuwa wa amani kwa ujumla" ndio wimbo wao wa miaka yote. Wakisema kavu hivyo ujue kimewashinda kumeza. Kabla ya hapo nakumbuka mara moja tu wamekuwa wakali kiasi hicho, Zimbabwe 2023, Nevers Mumba wa Zambia akiongoza timu, akasema uchaguzi ule umepungukiwa na matakwa ya katiba ya Zimbabwe na miongozo ya SADC. Alishambuliwa yeye binafsi na chama tawala mpaka basi. Kilichofuata? Rais Mnangagwa akaapishwa Septemba 2023, na Agosti 2024 akakabidhiwa uenyekiti wa SADC. Ripoti ipo, haijafutwa, na aliyeandikwa ndani ya ripoti ndiye akawa anakalia kiti cha mbele.

Kongo 2019 ndio iliniuma zaidi. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi kama 40,000 nchi nzima, likasema waziwazi takwimu zake haziendani na matokeo ya tume. Januari 17 wakuu wa nchi wakakutana Addis, wakasema wana mashaka makubwa na matokeo, wakaomba yasitangazwe rasmi kwanza, na ujumbe wa marais ukapangwa kwenda Kinshasa. Kabla hawajapanda ndege Mahakama ya Katiba ikamthibitisha Tshisekedi, yule aliyetangazwa mshindi na tume, usiku wa kuamkia tarehe 20. Safari ikafa hapohapo, salamu za pongezi zikaanza kumiminika, funika kombe mwanaharamu apite. Miaka miwili baadae yeye ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Afrika.

Kuhusu kwa nini kwingine yamefanya kazi ngoja wengine waseme, mimi nitarudi na suala la mkataba wenyewe maana tatizo lipo kwenye maandishi.

NakuruMama07

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Poleni sana. Jina langu lina 07 kwa sababu ya uchaguzi wetu wa 2007.

Umeuliza kama kuna mahali ilisaidia, mimi nitakuambia ilisaidia Kenya, lakini sio vile watu husimulia. Watu husema Kofi Annan, yule katibu mkuu mstaafu wa UN, alikuja akaleta amani. Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari 2008. Nakuru na Naivasha tulianza kuchomewa nyumba baada ya yeye kufika. Yuko hotelini mjini anakutana na wakubwa, na mimi nimebeba mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi naenda uwanja wa maonyesho pamoja na majirani, sufuria yenyewe ilikuwa na maharagwe hayajaiva, sijui kwa nini sikuyamwaga, nilitembea nayo hivyohivyo mpaka tukafika. Kwa hiyo mtu akiniambia mpatanishi akitua tu watu wanaacha kufa, hapana.

Na wale wa nje pia walianza vibaya. Marekani ilimpongeza Rais Kibaki ile siku alipoapishwa jioni pale Ikulu, alafu kesho yake wakarudi nyuma. Kufuor wa Ghana ndiye alikuwa mwenyekiti wa AU, akaja, akaondoka bila kitu. Hapo ndipo likaundwa lile jopo la Annan, Benjamin Mkapa wenu, na mama Graça Machel.

Mimi nimeliwaza hili jambo miaka mingi. Kilichosaidia kwanza ni mlango kuwa mmoja. Marekani, Ulaya, UN, AU, wote walisema mtu wetu ni Annan, basi, hakuna wa kwenda kwa mlango wa nyuma kutafuta mpatanishi anayemfurahisha zaidi. Kitu kingine, majirani walikuwa wanaumia nao. Barabara ya kutoka Mombasa imezibwa, reli imeng'olewa Kibera, Uganda mafuta yameadimika, Rwanda hivyo hivyo, kwa hiyo haikuwa huruma pekee, jirani alikuwa anahesabu hasara kila asubuhi. Na kubwa kuliko yote, hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kuumaliza mwingine. Kibaki ana Ikulu lakini bunge limejaa watu wa ODM, chama cha mpinzani wake Raila, na nusu ya nchi haitawaliki. Annan alipoona wajumbe wanazungushana, mwisho wa Februari akasimamisha yale mazungumzo ya kamati akaenda kwa wakubwa wenyewe wawili, Kikwete akaja, na tarehe 28 wakatia saini nje pale Harambee House. Tuliangalia kwa televisheni moja ndogo pale uwanjani, watu kama mia mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Kuna mzee alisema tu, "sasa nani ataniambia nirudi lini."

Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshakufa na laki sita wamehama. Tukapata serikali ya mseto, ya nusu mkate, na baadae katiba ya 2010. Kesi za ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, zote zikaanguka, hakuna hata mmoja alifungwa kwa ajili ya Nakuru. Kwa hiyo ndio, ilisaidia, sisemi haikusaidia, nilirudi nyumbani. Lakini mjue bei yake.

MbebaBoksi

Naungana na mama hapo juu. Mimi nipo huku ughaibuni miaka 14 na nawaambia ukweli, fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wangu wa nyumbani wananipigia "ongeeni na hao wazungu huko", nikiwajibu wanadhani nimekata tamaa au nimesahau kwetu.

Angalieni Kenya 25 Juni 2024, vijana wameingia bungeni kwa ajili ya muswada wa fedha, watu wanapigwa risasi za moto barabarani. Balozi 13 za magharibi zikatoa tamko la pamoja, wameshtushwa, wanasikitika. Sasa tazama kalenda. Tarehe 24, siku moja kabla, Marekani imeipa rasmi Kenya ile hadhi ya mshirika mkubwa wa kijeshi asiye mwanachama wa NATO. Na tarehe 25 yenyewe, wakati bunge linawaka, polisi wa Kenya wanashuka kwenye ndege Haiti kwenye kazi iliyolipiwa sehemu kubwa na Marekani. Wewe unayemhitaji mtu akusaidie Haiti utamkemea kwa sauti gani? Kilichomfanya Ruto akatae kusaini ule muswada kesho yake ni wale vijana, tamko la balozi lilikuja nyuma yao.

Uganda 2021 hivyo hivyo. Umoja wa Ulaya haukupeleka waangalizi, Marekani nao wakajitoa kwa sababu zaidi ya robo tatu ya maombi yao ya vibali yalikataliwa, mtandao ukazimwa, baadae wakatangaza kuwanyima viza maofisa fulani bila kuwataja majina. Museveni yupo tangu 1986 na anajua viza ni ya kwenda kutembea.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Tabata usisubiri. Wakubwa wa huku wanapima vitu vyao kwanza, madini, gesi, bandari, wanajeshi, na sasa hivi kila mmoja anaogopa akikaza sana mwenzake kutoka mashariki atachukua nafasi.

BintiPemba

Mimi sikubaliani sana na MbebaBoksi, ingawa naelewa uchungu wake. Tatizo si kuwa nje hawana nguvu, wanayo, ila fimbo yenyewe mara nyingi inamwangukia mtu mwingine.

Januari 2001 nilikuwa na miaka tisa. Wafuasi wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo, waliandamana tarehe 27, watu wakauawa, na sisi tukavuka usiku kwa mashua kwenda Shimoni upande wa Kenya, mimi, bibi, na ami yangu. Bibi alikuwa ameshika mkufu wake mdomoni, ndani ya mdomo, kwa kuogopa kuporwa, na kila nikimuuliza kitu anatikisa kichwa tu. Watu kama 2,000 walikwenda hivyo. Tanzania nchi ya kupokea wakimbizi miaka yote ikawa safari hii inatoa. Kabla ya hapo wahisani walikuwa wameshakata misaada Zanzibar kwa sababu ya uchaguzi wa 1995, Jumuiya ya Madola ikasimamia Muafaka wa 1999, yale makubaliano ya CCM na CUF, usitekelezwe. Uchaguzi wa 2000 waangalizi wao wenyewe waliukataa kwa maneno makali kabisa. Na bado tukafika Januari.

Ikaja 2015. Mwenyekiti wa tume Jecha akafuta uchaguzi wote wa Zanzibar tarehe 28 Oktoba, waangalizi wa nje wakapinga, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF. Siku chache tu baada ya marudio Marekani kupitia lile shirika lao la MCC wakasitisha mkataba wa pili, fedha zaidi ya dola milioni 470, sababu walizotaja ni Zanzibar na ile sheria ya makosa ya mtandao. Wote mitandaoni walishangilia, eti sasa wamebanwa. Fedha zile zilikuwa za umeme. Mkataba wa kwanza ndio ulioleta waya mpya wa chini ya bahari mpaka Unguja, megawati 100, na aliyekuwepo Unguja ile miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 anajua nini maana yake, watu walichota maji kwa ndoo maana pampu hazina umeme. Sasa niambieni, milioni 470 zilipoondoka nani alikaa gizani? Aliyefuta uchaguzi ana jenereta.

Sitaki kusema wasiwekewe vikwazo. Nasema tuwe tunauliza kikwazo kinamgusa nani. Viza na akaunti ya mtu mmoja mmoja kwa jina lake, naunga mkono hata leo. Kukata mradi wa maji au wa umeme, hapana, tumeshalipia sana.

Fikra Pana

Uzi mzuri huu. Mleta mada aliuliza kwa nini kule ndio na huku hapana, naomba niweke Gambia na Ivory Coast pembeni kwa pembeni na Gabon maana zinafundisha.

Gambia wanapiga kura kwa gololi. Kweli kabisa, kila mgombea ana pipa lake lenye rangi, unaingiza gololi kwenye tundu, inagonga kengele ndani, wote nje wanasikia, kwa hiyo ukidondosha mbili umejulikana. Na 2016 ndio walianza kuhesabu palepale kituoni, mbele ya mawakala, gololi zinapangwa kwenye ubao wenye mashimo anahesabu hata asiyejua kusoma. Rais Jammeh akashindwa Desemba mosi, akampigia mpinzani wake Barrow simu akakubali mbele ya kamera, baada ya wiki akageuka. Lakini matokeo yalishajulikana kijiji kwa kijiji na mwenyekiti wa tume hakubadilisha kauli. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, wakawa na kitu cha kushika. Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa Gambia Dakar tarehe 19 Januari 2017, Baraza la Usalama likapitisha azimio siku hiyohiyo, majeshi ya Senegal yakavuka mpaka, mkuu wa majeshi wa Gambia akasema watu wake hawatapigana, tarehe 21 Jammeh akapanda ndege. Nchi ndogo, imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini, na jirani huyo alikuwa tayari kweli. Vyote vilikutana.

Ivory Coast 2010 pia ulimwengu wote ulisimama na mpinzani Ouattara, UN ilikuwa na mamlaka ya kuthibitisha matokeo kutokana na makubaliano yao ya amani ikayathibitisha, benki kuu ya Afrika Magharibi ikamzuia Rais Gbagbo, aliyekataa kutoka, kutoa fedha. Bado Gbagbo alikuwa na jeshi na mji mkuu, ikachukua miezi minne na zaidi na watu kama 3,000 kufa mpaka alipotolewa Aprili 11, 2011. ICC baadae ikamwachia huru. Kwa hiyo hata umoja wa dunia nzima sio dawa kama ndani mtu bado ana bunduki zinazomsikiliza.

Sasa Gabon. 2016 Rais Ali Bongo alikuwa nyuma, ikabaki Haut-Ogooué, mkoa wa nyumbani kwao. Ikaja mahudhurio ya asilimia 99.93, yeye kapata asilimia 95 ya kura, akashinda nchi nzima kwa tofauti isiyofika kura 6,000. Waangalizi wa Ulaya walisema wazi kuna kasoro isiyofichika. AU haikumfanya kitu. Agosti 2023 akatangazwa tena mshindi usiku, alfajiri ileile wanajeshi wakampindua, na siku iliyofuata Gabon ikasimamishwa uanachama. Yaani kura zinaporwa miaka saba kimya, askari akija inachukua siku moja. Madagascar 2025 hivyo hivyo, vijana wanaandamana kwa maji na umeme kuanzia mwisho wa Septemba, UN inasema wameuawa watu 22, hakuna kilichosimamishwa. Wanajeshi wakachukua nchi Oktoba, AU ikasimamisha mara moja.

Msomaji wa Mikataba

Asante Fikra, hapo ndio nilikuwa nataka kufika. Ule Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala umepitishwa Januari 2007, ukaanza kutumika 2012. Ibara ya 23 inataja namna za kushika au kung'ang'ania madaraka kinyume cha katiba: mapinduzi ya kijeshi, mamluki, waasi, serikali iliyoshindwa kukataa kutoka baada ya uchaguzi huru na wa haki, na kuchezea katiba ili usitoke. Soma ile ya nne tena polepole. "Baada ya uchaguzi huru na wa haki." Ukichakachua vizuri ukatangazwa mshindi, hujakataa kutoka, umeshinda! Ibara inakuona msafi. Mwanajeshi anaonekana, ana sare na kifaru kipo barabarani. Mwizi wa kura anaonekana kwenye makaratasi, na makaratasi anayo yeye.

Ndio maana nchi mbili za Afrika zilizofuta uchaguzi wa rais mahakamani kwa kweli hazikuokolewa na mtu wa nje. Kenya 2017 akina John Kerry na Thabo Mbeki walikuwepo kama waangalizi, wakausifu, wakapanda ndege. Septemba mosi Mahakama ya Juu ikafuta. Malawi matokeo ya 2019 waangalizi walikuwa wapole, wananchi wakakaa barabarani miezi na miezi, wanajeshi wakawa wanasimama kati ya polisi na waandamanaji, na Februari 3, 2020 majaji watano walifika kutoa hukumu wamevaa fulana za kuzuia risasi. Walichokiangalia ni karatasi zilizofutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia. Basi. Wakarudia Juni, Chakwera akashinda. Huyo huyo Chakwera ambaye Jumuiya ya Madola imemtuma kwetu, kwa hiyo angalau yeye anajua jambo lenyewe linafananaje kutoka ndani.

Sisi hapa tuna shida ambayo Malawi hawakuwa nayo. Ibara ya 41(7) ya katiba yetu inasema tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama itakayochunguza. Na ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, hapahapa kwetu. Wakili Jebra Kambole alikwenda kushtaki, na Julai 15, 2020 ikaamua kwamba hiyo ibara inavunja Mkataba wa Afrika, serikali irekebishe. Haijarekebishwa. Novemba 2019, kabla hata hukumu haijatoka, serikali ilishaondoa lile tamko linaloruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Kwangu mimi hiki ni kizito kuliko tamko lolote la balozi, kwa sababu ni hukumu ya Waafrika juu yetu, imetolewa ndani ya nchi yetu, na tumeikalia.

KijanaWaTabata

Daah. Nimesoma yote mara mbili, nyingine nimemsomea mama. Ile ya mzee wa uwanjani "nani ataniambia nirudi lini" amenifanya niirudie.

Kwa hiyo kama nimewaelewa, wa nje wanasukuma pale ambapo ndani kuna kitu cha kushika, iwe fomu, iwe jaji, iwe mwanajeshi aliyekataa. Sisi tulikuwa na nini cha kushika? Tundu Lissu wa Chadema alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili 2025, Mpina wa ACT-Wazalendo kaenguliwa kugombea urais, mawakala wa nani wangebaki na fomu? Na kama hakuna karatasi basi kelele zote za Brussels na Washington zimeegemea nini?

NakuruMama07

Mwanangu, 2007 hata sisi hatukuwa na karatasi. Tume ya Kriegler ilipokuja kuchunguza baadae ilisema mambo yaliharibiwa kila mahali kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Hebu fikiria, watu 1,100 na haijulikani mpaka leo. Ndio maana tulipigania zile fomu. 2017 mahakama ya rufaa ikasema matokeo ya kituo ndio ya mwisho, na 2022 tume ikaweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo 46,229 kwa mtandao, mtu yeyote akae ajumlishe mwenyewe. Kijana wangu, yule niliyembeba mgongoni, alikesha anajumlisha za Nakuru. Wengi hawakufurahia matokeo lakini hawakuchoma nyumba ya mtu. Ilichukua miaka 15. Hakuna balozi alitupatia hiyo.

MbebaBoksi

Nimekubali kusahihishwa na BintiPemba kuhusu majina ya mtu mmoja mmoja. Nikiandika kwa mbunge wa huku nitaandika hivyo, majina na vyeo, sio "kateni misaada Tanzania".

Na kuhusu karatasi, Brussels wanaegemea picha, video, ushahidi wa madaktari na wa familia. Haya ndio makaratasi yetu safari hii. Ile Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyoundwa kuchunguza vurugu za uchaguzi, hata iseme nini, mwenye video asiifute kwa uoga, aitunze na tarehe yake.

KijanaWaTabata

Nimempigia mjomba wangu sasa hivi, yeye alikuwa wakala wa mgombea udiwani. Kasema saa nane mchana aliambiwa atoke nje ya chumba, akakaa chini ya mwembe mpaka risasi zilipoanza kusikika akakimbia. Hana fomu. Hajawahi kumwambia mtu, hata mke wake, anaona aibu.

BintiPemba

Mwambie hana aibu yoyote. Aandike leo, kwa mkono wake: jina la kituo, saa aliyotolewa, maneno aliyoambiwa, nani mwingine alikuwa pale chini ya mwembe. Aweke sahihi na tarehe. Ami yangu wa Shimoni hakuandika, na sasa ameanza kusahau.

KijanaWaTabata

Nakwenda kwake kesho asubuhi na daftari.